Tumuulize Mbunge Alichofanya, Si Atakachofanya



Msimu wa kampeni ukiwadia, barabara itokayo Mbarara kuelekea Isingiro hubadilika sura. Mabango ya manjano, ya buluu, ya kijani na mekundu hushindana kwenye nguzo. Magari yenye vipaza sauti huzunguka masokoni. Fulana na kofia hugawiwa. Jukwaani mgombea husomewa wasifu wake: alikozaliwa, alikosoma, vyeo alivyowahi kushika. Kisha hushika kipaza sauti na kuanza kuahidi. Naomba tulitazame jambo ambalo mikutano hiyo huliacha nje mara nyingi, nalo ni rekodi.

Wasifu hutueleza mtu alikuwa nani kabla hatujamtuma. Rekodi hutueleza alifanya nini baada ya kutumwa. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 80, inamtaka mbunge awe raia, awe mpiga kura aliyeandikishwa, na awe na elimu isiyopungua kidato cha sita au inayolingana nayo. Masharti hayo humfikisha mtu mlangoni tu. Mwenye digrii tatu anaweza kukaa Bungeni miaka mitano bila kutuletea lolote isipokuwa picha zake.

Tuchukue mfano wa mtu tunayemfahamu hapa kwetu. Winnie Byanyima alizaliwa Mbarara mwaka 1959. Alisomea uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, akafanya kazi katika shirika la ndege la Uganda, akajiunga na vita vya msituni vya NRA, kisha akawa balozi wetu nchini Ufaransa. Huo ni wasifu unaoweza kushangiliwa uwanja mzima. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotuambia alikuwa mbunge wa namna gani.

Rekodi yake ndiyo inayotuambia. Alishiriki katika Bunge Maalumu la Katiba, kisha akaiwakilisha Manispaa ya Mbarara Bungeni. Akiwa kiongozi wa FOWODE, alisaidia kuhimiza bajeti ya taifa itazamwe kwa jicho la mwanamke wa kijijini: fedha zinakwenda wapi, na nani anaachwa nyuma? Bunge la Sita ndilo lililopitisha hoja za kuwakemea mawaziri Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999, naye alikuwa miongoni mwa sauti zilizosikika sana dhidi ya ufisadi katika Bunge hilo. Mwaka 2001 wakubwa wa Movement hawakutaka arudi, maana mumewe, Kizza Besigye, alikuwa amegombea urais dhidi ya Rais Museveni. Wapiga kura wa Mbarara walimrudisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye sifa naye apimwe. Mwaka 2004 Byanyima aliacha kiti chake kabla ya muhula kwisha, akaenda kufanya kazi katika Umoja wa Afrika. Leo anaongoza UNAIDS. Wapo wanaojivunia hatua hiyo, na wapo wanaouliza kama ni haki kwa waliompigia kura kuachwa njiani. Mimi naona swali hilo ni halali. Rekodi ina mazuri na yenye kasoro, na mpiga kura mwenye busara huyapima yote.

Kwa nini nasisitiza haya? Kwa sababu nafasi yetu ya kumwajibisha mbunge ni finyu. Zamani Katiba iliwapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha. Baada ya marekebisho ya mwaka 2005, haki hiyo haitumiki chini ya mfumo wa vyama vingi. Ukimchagua kwa sababu ya kilo moja ya sukari, utaila kwa wiki moja na kumvumilia kwa miaka mitano. Tena Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya mwaka huohuo wa 2005 inakataza kuhonga wapiga kura, na inamkataza mgombea kutoa misaada wakati wa kampeni.

Kuna sababu nyingine, nayo iko Isingiro kwenyewe. Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu miaka ya mwishoni mwa 1950. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni daraja kati yao. Hawapigi kura, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawazuia kushiriki katika siasa. Lakini wanachota maji kwenye mabomba yaleyale, wanapanga foleni kwenye vituo vya afya vilevile, na watoto wao wanaketi dawati moja na watoto wetu. Mgombea anayehesabu kura peke yake atawasahau, na akiwasahau atakuwa amemsahau pia mwenyeji anayegawana nao dawati na dawa.

Basi, msomaji wangu, nenda kwenye mkutano wa chama chako na wa chama kingine. Sikiliza vitenzi. Mgombea akisema "nitajenga, nitaleta, nitatetea", muulize kwa heshima: ulijenga nini, ulileta nini, ulimtetea nani? Ulizungumza nini Bungeni ambacho kimo katika kumbukumbu rasmi? Ulikuwa katika kamati gani? Uliisemea vipi bajeti ya wilaya inayolea wageni wengi namna hii? Ulirudi lini kututolea taarifa kabla ya msimu wa kofia na fulana?

Na kama ni mgombea mpya, asijifiche nyuma ya upya wake. Aliyewahi kushika fedha za ushirika, kukaa kwenye bodi ya shule au kuongoza baraza la kijiji ana rekodi. Waulize waliofanya naye kazi. Wakati ujao hauna shahidi. Wakati uliopita unao wengi.