Kapoteza Sauti, Hajapoteza Akili

Staa akipigwa kiharusi na sauti ikapotea, watu wanajazana kupiga naye picha, halafu wanamjadili mbele yake kama vile hayupo. Jamani! Mwanafizikia mmoja maarufu wa Uingereza alipopoteza sauti mwaka 1985, kabla ya kupata kompyuta ya kumsemea alitumia kadi ya herufi tu: mtu anaonyesha herufi moja moja, yeye anainua nyusi ikifika anayoitaka. Michango ya mashine ya mamilioni iendelee, lakini leo hii kipande cha boksi na maka peni vinatosha kuanzia: NDIYO, HAPANA, MAJI, NAUMWA. Kama kusoma kunamshinda, achorewe. Halafu swali la kwanza liwe hili: anataka kupigwa picha, au hataki?