Ziwa Liko Hapa, Mnaenda Sayari Gani?

Nina ugomvi na wachezaji wenzangu wa Nakuru, sisi tunaokaa mezani na dadu, karatasi na msimulizi mmoja, tukijifanya marubani wa anga. Traveller ilitoka Marekani mwaka 1977, na bado tunazurura kwenye himaya yake ileile ya nyota, kwa lafudhi ya sinema. Msimulizi akisema mji umezama, mnauliza ni sayari gani. Sayari gani tena, jamani? Tangu 2010 hivi Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Limemeza lango kuu la zamani la hifadhi na nyumba za watu kule Mwariki.

Sisemi tutupe vitabu vya wageni. Wala msiniletee ile ya "huo ni uzungu": Hyrax Hill kuna mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani, kucheza hatukufundishwa na mtu. Ninachokataa ni uvivu. Wanuri Kahiu alitoa filamu yake Pumzi mwaka 2009, ambamo watu hunywa maji yaliyosafishwa kutoka jasho na mkojo wao. Hapo sheria za mchezo zimeshaandikwa nusu: kila mchezaji apewe maji ya siku, kisha aulizwe atamgawia nani.

Sasa geuza. Maji tele, ardhi hakuna. Mmoja awe mwenye ploti iliyozama, hatimiliki mkononi. Mwingine awe afisa wa kaunti, yule wa "rudi Jumatatu". Rusheni dadu, tuone kama hiyo hatimiliki inaelea.