Msimnong'oneze Mgonjwa Jibu

Mtu aliyegonga kichwa akapatwa na mtikisiko wa ubongo huweza kurudi nyumbani akitembea na kucheka, na hata picha ya kichwa ikaonyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala damu iliyovuja. Ndiyo sababu daktari humwita tena ampime kumbukumbu na fikra. Hapo ndipo jamaa wengi, kwa huruma, huiharibu kazi yake.

Katika kipimo kimoja watumiacho wanamichezo, kilichorekebishwa mwaka 2023, mgonjwa husomewa maneno kumi ya kawaida, ayarudie kwa mpangilio wowote. Na hilo hufanywa mara tatu. Kisha hupewa tarakimu azitaje kinyumenyume. Husimamishwa kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa. Zikipita dakika tano au zaidi, huulizwa ghafla kama angali anayakumbuka yale maneno ya mwanzo.

Shemeji yangu, mwendesha bodaboda, aliangushwa karibu na Busia, nami nikamsindikiza kupimwa kwa namna hii. Kila aliposita, midomo ya dada yangu ilicheza: "Embe! Embe!" Sisi tuliosomea ualimu tunaujua mchezo huo. Lakini mwanafunzi hupata alama asizostahili tu. Shemeji angepata ruhusa ya kupakia abiria ilhali bado anachelewa kuona gari. Daktari alimwomba dada, kwa upole, akangoje nje.

Lugha nayo isidharauliwe. Mgonjwa huambiwa ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Wengi wetu husema mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja. Basi huyo anahesabu namba tu, kazi iliyo nyepesi zaidi. Na aliyeacha shule mapema huenda angesita kwa majina ya Kiingereza hata kabla ya ajali. Mwelezeni daktari mapema mgonjwa alisoma hadi wapi, na huhesabu fedha kwa lugha gani.

Nyumbani, apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kazi nyepesi kidogo kidogo. Pombe asiiguse. Akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakizidi, akipatwa na kifafa, au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Shemeji ameagizwa arudi baada ya juma moja. Pikipiki imo ndani. Ufunguo anao mama yetu.