Haraka na Taka

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilishachukua hatua hiyo mwaka 2006, Rwanda 2008, na Kenya Agosti 2017, kwa adhabu ya faini inayofika shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo kinachofika miaka 4. Sheria hizo zilifanya kazi. Mifuko ya rambo iliyokuwa ikiziba mitaro na kunasa kwenye michongoma ilipungua mno, na wachuuzi waliohofia kwamba biashara itakufa wanaendelea kuuza nyanya na dagaa mpaka leo.

Kuna kitu, hata hivyo, ambacho sheria haikukigusa. Mfanyakazi anayeshuka kwenye daladala saa mbili usiku, aliyetoka nyumbani kukiwa bado giza, hana kapu mkononi. Anataka vitunguu, ndizi na vipande vya samaki, na anataka kufika kabla watoto hawajalala. Muuzaji naye ana wateja wengine wanaosubiri. Ndiyo maana vifungashio vyembamba, vya kufungia karanga na ubuyu, viligeuka mifuko ya kubebea, na mfuko mbadala, uliotengenezwa ili utumike mara nyingi, aghalabu huishia safari moja. Mtu huyo ubaya wa plastiki anaujua; amesikia redioni, amesoma kwenye mabango. Anachokosa ni dakika tano za utulivu asubuhi za kukumbuka kapu.

Toleo hili linaanzia hapo. Magazeti yamezoea kuyatenganisha mambo haya: uchovu wa akili hupelekwa ukurasa wa afya, takataka ukurasa wa mazingira. Hoja ya jarida hili ni kwamba chanzo chao ni kimoja. Haraka inayomfanya mtu amalize wiki bila kujua imepitaje ndiyo hiyo hiyo inayopeleka malori kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam. Kwa hiyo tabia za kutunza mazingira zisitolewe kama orodha nyingine ya kazi kwa mtu ambaye tayari amezidiwa. Zipimwe kwa swali moja: je, zinamrudishia muda wake, pumzi yake, au watu wake? Isiyomrudishia chochote ataiacha baada ya wiki mbili, na hatakuwa na kosa.

Itazamwe siku ya kawaida ya mtu anayeishi Chanika au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji. Anaamka saa kumi alfajiri. Chai anainywa njiani kwenye kikombe cha karatasi, maji ni ya chupa, na chakula cha mchana kinaletwa ofisini kwenye boksi la kutupwa lenye kijiko cha plastiki, kwa kuwa kutoka nje na kukaa kwenye benchi la mama ntilie kungemla nusu saa. Kila kimoja kati ya hivyo kimemuuzia dakika kadhaa. Lakini ikifika jioni dakika hizo hazionekani popote. Zimemezwa na foleni, na kilichosazwa na foleni kimechukuliwa na simu. Mabasi ya mwendokasi, yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalionyesha kinachowezekana basi likipewa njia yake. Tatizo ni kwamba watu wanahamia pembezoni haraka kuliko njia hizo zinavyojengwa.

Na ile nusu saa kwa mama ntilie isingekuwa hasara. Pale wali na maharage huliwa kwenye sahani inayooshwa na kutumika tena muda huo huo, mchicha umetoka bustani za bondeni za mjini humo humo, na mlaji huinua macho kutoka kwenye kompyuta na kuzungumza na mtu. Taka ni maganda na mabaki. Ni vigumu kupata mfano mwingine, katika jiji lote, ambapo afya ya mtu na usafi wa mtaa vinakaa benchi moja.

Miji ya mwambao inalijua jambo hili zamani. Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, au kwenye mabaraza ya Lamu na Mombasa, muuza kahawa hufika baada ya alasiri na dele lake. Finjani ni ndogo za kaure. Anayetaka kahawa anamiminiwa, anakunywa, anarudisha. Finjani inasuuzwa na kupewa mwingine. Hakuna mtu anayeondoka na chombo, kwa hiyo hakuna anayeweza kunywa huku anakimbia. Atakaa, hata kama ni kwa kashata moja, na akikaa atasalimiwa, ataulizwa habari za mgonjwa, atavutwa kwenye ubishi wa mpira au wa siasa. Utaratibu huo haukubuniwa na wanaharakati wa mazingira. Umedumu kwa sababu unampa mtu kitu anachokihitaji jioni, na kutozaa taka ni faida iliyokuja pamoja nacho. Kinachosikitisha ni kwamba baraza bado, kwa sehemu kubwa, ni la wanaume. Wanawake wengi saa hiyo wako jikoni, na jikoni ndiko mjadala huu unapokuwa mgumu zaidi.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri na lina haki ya kuungwa mkono kwa moyo wote, maana moshi wa kuni na mkaa huumiza mapafu ya anayepika kabla haujaumiza kitu kingine, na mkaa unaoliwa mjini ni misitu ya mikoani. Lakini mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha nyingi mara moja, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya kilichomo mfukoni siku hiyo. Kaya nyingi zitaishi miaka kadhaa zikiwa na vyote viwili. Zifanye nini katika miaka hiyo?

Jibu mojawapo ni la bei ndogo kiasi kwamba hakuna anayelitangaza. Maharage huchaguliwa na kulowekwa usiku. Asubuhi maji ya kulowekea yanamwagwa, yanawekwa mengine, na sufuria inatokota kwa moto mkali takriban nusu saa, mfuniko ukiwa umebana. Kisha inaepuliwa na kutumbukizwa kwenye kapu kubwa lililosokotwa kwa ukili au matete, ambalo ndani yake limejazwa matambara, sponji au majani makavu ya migomba kila upande, chini hadi juu. Inafunikwa kwa mto wa nguo chakavu, kapu linafungwa, mpishi anaondoka. Joto lililomo halina pa kutokea, na maharage yanaendelea kuiva yenyewe. Baada ya saa nne au tano yanafunguliwa yakiwa laini; yanachemshwa kidogo tena, yanaungwa kwa kitunguu na tui, basi. Hayakuhitaji kuongezewa maji wala kuchochewa, na hayakuungua. Mkaa uliotumika ni sehemu ndogo tu ya ule wa siku zote.

Kilichookolewa hapo, ukiacha mkaa, ni asubuhi nzima ya mtu. Anayepika maharage kwenye jiko la kawaida amefungwa nalo: hawezi kwenda mbali, hawezi kulala, hawezi kusoma. Kapu linampa ruhusa ya kuondoka. Jarida hili linaliona hilo kuwa hoja yenye nguvu kuliko takwimu zozote za hewa ukaa, kwa mama wa Tandale, Dar es Salaam, na kwa mama wa Kibera, Nairobi, vilevile.

Lisemwe wazi pia lile ambalo makala nyingi za maisha ya kijani huliruka. Katika nyumba nyingi za mjini, azimio la kuacha plastiki, kutenganisha taka, kufua nepi za kitambaa na kupika vyakula vya asili hutamkwa sebuleni na kutekelezwa na dada wa kazi. Mwenye nyumba anapata utulivu wa dhamiri, dada anapata saa mbili zaidi za kazi. Hayo si mabadiliko ya tabia. Ni mzigo uliohamishwa kwenda kwa mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote. Familia inayotaka kujaribu lolote kati ya yaliyomo kwenye kurasa zijazo ianze kwa kuuliza ni mikono ya nani itakayolifanya, na kama wenye mikono hiyo nao watapata kupumzika.

Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, alilielewa jambo hili tangu mwanzo. Vuguvugu la Green Belt aliloliasisi Kenya mwaka 1977 lilitokana na malalamiko ya wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, vijito vimekauka, chakula hakitoshi. Hakuwaomba wapande miti kwa ajili ya dunia tu. Walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika, na mti ukikua ulisogeza kuni karibu na nyumba. Miti zaidi ya milioni 50 imepandwa kwa njia hiyo. Mwaka 2010, katika kitabu chake Replenishing the Earth, aliandika kwa urefu juu ya imani yake kwamba anayeiponya ardhi hujiponya na yeye mwenyewe. Aliishi hivyo mpaka mwisho: alipofariki Septemba 2011 hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Msitu wa Karura, Nairobi, ni ushahidi unaoweza kutembelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huo zilikuwa zikigawiwa kwa ajili ya ujenzi. Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche getini wakashambuliwa, yeye akapasuliwa kichwa, na taarifa yake polisi akaisaini kwa damu yake mwenyewe. Leo hekta zaidi ya 1,000 zimesalia katikati ya jiji, na Jumapili asubuhi watu hutembea humo, huendesha baiskeli, hukaa karibu na maporomoko ya maji na kusikia sauti zao wenyewe. Daktari anayemwambia mgonjwa wa Nairobi atembee kupunguza msongo wa mawazo anategemea damu hiyo. Ushauri wa kutulia hauna maana mahali ambapo hakuna pa kutulia.

Kwa hiyo si kila kitu kinaweza kuachiwa mtu mmoja na kapu lake. Kigali imeonyesha serikali inaweza kufanya nini. Tangu 2016 jiji hilo limekuwa likifunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili asubuhi, siku hizi mara mbili kwa mwezi, na watu wa kila rika hujaa lami kukimbia, kutembea na kufanya mazoezi, huku wengine wakipimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Januari 2023 Rwanda ilipunguza saa rasmi za kazi kutoka 45 hadi 40 kwa wiki, ikasogeza mwanzo wa kazi hadi saa tatu asubuhi na masomo hadi saa mbili na nusu, ili watoto walale vya kutosha na wazazi wapate muda na familia. Ni kweli kwamba saa rasmi hazimfikii dereva wa pikipiki wala muuza mboga. Lakini nchi imekiri hadharani kwamba uchovu wa raia ni suala la sera, na hilo majirani zake bado hawajalisema kwa sauti hiyo.

Dar es Salaam inaweza kuanza na kipande kimoja. Barabara ya Barack Obama, inayopita kando ya bahari, tayari hujaa wakimbiaji alfajiri, wakipishana na magari. Halmashauri ya Jiji iifunge kwa magari Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, iweke mapipa ya maji ya kunywa ili kila mtu aje na chupa yake, na iwaruhusu mama ntilie wapange mabenchi na sahani zao. Mombasa ina bustani ya Mama Ngina inayotazama bahari, iliyokarabatiwa 2019, na inaweza kufanya vivyo hivyo bila kujenga kitu kipya. Waajiri nao hawahitaji kusubiri amri ya mtu: ofisi inayonunua katoni za maji ya chupa kila wiki inaweza kununua chujio na bilauri, na kuwaachia wafanyakazi saa nzima ya mchana, yenye dakika 60 kamili, ya kutoka nje na kula wakiwa wamekaa.