Nyunzu: Mtoto wa Kiluba naye afundishwe

Kila suala la watoto wa Batwa (Wambilikimo) linapotajwa Nyunzu, mkoani Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakubwa wana jibu moja: shule ya msingi ni bure tangu Septemba 2019, mlango uko wazi, asiyeingia kajizuia mwenyewe. Jibu hilo limenichosha. Ni kweli kwamba ibara ya 43 ya katiba ya 2006 inaahidi elimu ya msingi bila malipo, na kwamba Rais Félix Tshisekedi ndiye aliyeanza kuitekeleza ahadi hiyo. Lakini kumfutia mtoto ada si kumpokea, na sisi tumeishia kwenye ada.

Wanaotetea hali ilivyo hawakosi la kusema. Wazazi wa Kitwa, wanasema, huondoka na watoto kwenda porini msimu wa viwavi na wa asali. Basi kalenda ipangwe upya; nchi haitavunjika kwa hilo. Walimu wenyewe hawalipwi ipasavyo. Kweli, na walipwe. Wengine wanaonya kwamba kuzungumzia makabila darasani ni kutonesha kidonda. Hao sikubaliani nao hata kidogo.

Kidonda chenyewe ni hiki: tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Waluba, kabila linaloishi jirani na Batwa, walivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Vumilia 1, Nyunzu, na kuua Batwa wasiopungua 30. Wanamgambo wa Kitwa nao waliua Waluba na kuchoma vijiji vyao, na damu hiyo haina uzito mdogo kuliko nyingine. Ila kati ya jamii hizi mbili, iliyokaa na shule miaka yote ni ya Waluba. Watoto wake walijifunza kusoma, kuhesabu, kuandika Kifaransa. Hawakufundishwa kwamba jirani anayewalimia shamba kwa ujira wa chumvi, nguo kuukuu au pombe ni raia mwenye haki sawa na zao. Walikua wakisikia watu wazima wakisema “Batwa wetu”, kama mtu anavyosema mbuzi wake, na mwalimu hakuwasahihisha, kwa sababu naye alilelewa hivyo hivyo.

Tazama somo la historia. Mtoto anaambiwa kwamba Wambilikimo ndio wakaaji wa kwanza wa Kongo. Ni sentensi moja, anainakili daftarini, kisha darasa linahamia kwenye falme na hao wakaaji wa kwanza hawatajwi tena. Wametoweka kabla kengele haijalia, ilhali mmoja wao ameketi dawati la nyuma. Katika masimulizi ya Waluba wenyewe, Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga aliyeusimika ufalme, alikuwa mwindaji aliyetoka mashariki, na ndiye aliyeleta adabu za kifalme. Mtoto wa Kiluba anajivunia mwindaji huyo. Wakati wa mapumziko anamcheka mwenzake ambaye baba yake ni mwindaji, anamwambia ananuka, anakataa kunywa naye kikombe kimoja. Mwalimu anaona na ananyamaza. Wiki chache baadaye yule mtoto wa nyuma haji tena, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro.

Mtoro! Mnamfukuza, kisha mnamwandika mtoro!

Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Ibara yake ya 29 inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, lugha yake na utamaduni wake, na kwa tamaduni zisizo zake. Hilo la mwisho linamhusu mtoto wa Kiluba moja kwa moja. Tarehe 15 Julai 2022 tulipata hata sheria namba 22/030 ya kulinda haki za Wambilikimo. Tukaisherehekea, halafu semina zikaendelea kuwahimiza Batwa “waipende shule”, kana kwamba kasoro iko kwao.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Chuo cha ualimu kinachompeleka mwalimu Nyunzu kimfundishe kwanza kwamba tusi la kikabila darasani ni kosa analopaswa kulikomesha saa ile ile. Kitabu cha historia kiwape Batwa sura nzima, na kiseme wazi nani alimtumikisha nani. Wakaguzi wanaohesabu watoto walioandikishwa Septemba wahesabu pia waliobaki Juni, kabila kwa kabila, na mkuu wa shule ambaye Batwa wake wote wameondoka aitwe ajieleze.