Neno la Mhariri: Athari Maalumu na Uamuzi Ulioahirishwa

Mashabiki wa filamu za kutisha, za fantasia na za bunilizi ya kisayansi wana hukumu moja ambayo sasa imekuwa kama kanuni kwao: kwamba athari maalumu, yaani mbinu za kuonyesha kwenye skrini jambo ambalo kamera haiwezi kulikuta likitokea, zilikuwa bora zilipoundwa kwa mpira, chuma na rangi, na kwamba kompyuta ndiyo iliyoziharibu. Hukumu hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa inatoka kwa watazamaji wanaoirudia filamu moja mara nyingi na kuona mengi yanayompita mhakiki aliyeitazama mara moja. Hata hivyo, toleo hili linashikilia kwamba shabiki ameiona kasoro ilipo lakini amekosea kutaja chanzo chake. Kinachoziponza athari si kifaa kilichotumika, bali ni usanifu, yaani uamuzi kuhusu umbo, rangi, maleba na mandhari ya ulimwengu wa filamu, unapoahirishwa hadi picha zimekwisha kupigwa.

Mfano wa uamuzi uliotangulia ni Alien (1979), filamu iliyoongozwa na Ridley Scott. Ulimwengu wake uligawiwa wasanii tofauti kwa makusudi: chombo cha binadamu, Nostromo, kilisanifiwa kwa sehemu kubwa na Ron Cobb, aliyechora kama mhandisi anayetaka kila bomba liwe na kazi yake, ilhali kiumbe mgeni na chombo cha ajabu kilichotelekezwa vilikabidhiwa H. R. Giger wa Uswisi, ambaye mchoro wake wa mwaka 1976, Necronom IV, tayari ulikuwa na kichwa kirefu cha mnyama yule. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji huuhisi ugeni wa mahali kabla mhusika yeyote hajautaja, kwa sababu mistari ya ulimwengu mmoja haifanani na ya mwingine. Vazi la kiumbe nalo alivikwa Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria mwenye urefu unaozidi mita mbili na viungo vyembamba, ili jicho lisitambue upesi kwamba ndani yake mna mtu. Tuzo ya Oscar waliyopewa Giger na wenzake wanne mwaka 1980 ilikuwa ya athari za picha, lakini kilichozishikilia athari hizo ni usanifu.

Kompyuta ilipoingia kwa nguvu, haikuivunja nidhamu hiyo mara moja. Katika Jurassic Park (1993) dinosaria huonekana kwa takribani dakika 15 tu za filamu inayozidi saa mbili, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni ya mashine zilizoundwa na karakana ya Stan Winston. Phil Tippett, bingwa wa kusogeza vikaragosi hatua kwa hatua mbele ya kamera, hakuondolewa kompyuta ilipochukua nafasi ya kazi yake, bali alibaki kusimamia miendo ya wanyama, kwa kuwa ujuzi wa namna mnyama mzito anavyohamisha uzito wake haukuwa ndani ya mashine. Vivyo hivyo Mad Max: Fury Road (2015), ambayo mashabiki huitaja kama ushindi wa kazi ya mikono, ina picha nyingi mno zilizopitia kompyuta. Magari yake, hata hivyo, yaliundwa kwelikweli na kuendeshwa katika jangwa la Namibia, na hadithi yenyewe ilikuwa imechorwa tukio kwa tukio kabla ya kamera kuwashwa.

Kinyume chake kinaonekana katika filamu mbili zenye jina moja, The Thing. Ile ya mwaka 1982, ya John Carpenter, ilitegemea maumbo ya Rob Bottin yaliyokuwapo mbele ya waigizaji, yakamulikwa na taa zilezile zilizowamulika wao. Ile ya mwaka 2011 nayo iliundiwa viumbe vya kushikika, lakini vingi vyao vilifunikwa baadaye kwa picha za kompyuta. Nuru, lenzi na mwitikio wa mwigizaji vilipangwa kwa ajili ya mwili mmoja, kisha ukapachikwa mwingine, na pengo hilo ndilo analolihisi shabiki anapolalamika kwamba picha haina uzito.

Pengine itadaiwa kwamba tatizo ni fedha, au kwamba kipimo cha athari ni kufanana na uhalisi. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, inayakanusha madai yote mawili. Helikopta zake ni za kompyuta na hazimdanganyi mtu, na bajeti yake ilikuwa ndogo mno. Lakini sauti ya VJ Emmie, anayesimulia na kutania juu ya picha kwa desturi inayofahamika katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, hutangaza mapema kanuni za mchezo, na kila mlipuko unaofuata huzitii kanuni hizo. Uaminifu kwa ulimwengu uliobuniwa, basi, ndio unaopaswa kuwa kipimo.

Kipimo hicho kina matokeo hata nje ya ukumbi wa sinema. Uamuzi unapoahirishwa, gharama yake humwangukia fundi anayebadilisha umbo lilelile mara kwa mara huku tarehe ya kuonyesha ikikaribia, na haishangazi kwamba mwaka 2023 wafanyakazi wa athari za picha wa Marvel Studios walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE. Shabiki anayeilaumu kompyuta humlaumu, bila kukusudia, mtu ambaye hakushirikishwa katika uamuzi wowote. Uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kuanza na maswali mawili, yaani ni nani aliyeamua umbo hili na aliliamua lini, na ndiyo maswali yanayoongoza makala za toleo hili.