Subira si Sera

Mpwa wangu amejifungua mtoto wa kike, na bibi wa mtoto amempa jina la Subira. Naanza na habari hiyo ili msomaji asikae roho juu hadi aya ya mwisho, kama tulivyokaa sisi kwa siku 19. Mtoto yu hai, ananyonya, na sauti yake inauzidi mwili wake. Jina limewafurahisha wote nyumbani isipokuwa mimi. Nilipomweleza dada yangu kwamba jina hilo linawasamehe watu wasioomba msamaha, alinijibu: "Wewe mjomba kazi yako kusema. Sisi tulingoja."

Ni kweli, kazi yangu ni kusema. Kwetu Kilosa, kwa Wasagara na kwa jirani zetu Wakaguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mambo ya watoto wa dada yakiharibika, mjomba ndiye huulizwa. Nimeombwa na ndugu kadhaa nisiandike, kwa hoja kwamba mtoto amelia, nini tena? Nitaandika kwa sababu hiyo hiyo. Katika nchi yetu mtoto akilia tunamshukuru Mungu na kufunga faili. Asipolia tunasema ni mapenzi ya Mungu, na faili linafungwa vilevile.

Mpwa wangu anaishi katika kijiji kimoja kandokando ya barabara itokayo Kilosa kupitia Ulaya kwenda Mikumi. Ni barabara ya kilomita sabini na kitu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mtu wa pale yuko katikati: akiumwa anaweza kuelekea Kilosa au Mikumi, na kote ni mbali. Vituo alivyokwenda sitavitaja, wala sitasema kipi kilikuwa upande gani, maana sina ugomvi na muuguzi mmoja mwenye wajawazito arobaini kwenye benchi. Ugomvi wangu ni na utaratibu uliomwachia muuguzi huyo neno moja tu la kutumia, nalo ni "subiri".

Nimeiona kadi yake ya kliniki. Ina tarehe tatu za matarajio ya kujifungua.

Ya kwanza ni tarehe 3 Machi. Alipoulizwa mwezini mara ya mwisho lini, alijibu, "Mwishoni mwa Mei, tulikuwa tunavuna mahindi." Aliyekuwa akiandika akaandika 27 Mei. Kwa nini 27 na si 23 au 30? Hakuna ajuaye. Kanuni inayotumika duniani kote, yenye jina la tabibu Mjerumani Naegele wa karne ya 19, huhesabu siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ni kanuni nzuri kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 na aliyeweka kumbukumbu ya siku yenyewe. Kwa aliyekumbuka msimu wa mavuno, hesabu inakuwa kamili juu ya msingi wa kubahatisha.

Tarehe ya pili, 14 Machi, iliandikwa na mtu mwingine baada ya kupima kimo cha tumbo kwa utepe. Ya tatu, 29 Machi, ilitoka kwenye utrasaundi aliyolipia kwa fedha yake mwezi Februari, mimba ikiwa imekwisha kukua. Wasomaji walio kwenye fani ya afya wanajua kwamba utrasaundi ya miezi ya mwisho huweza kukosea umri wa mimba kwa wiki mbili hata tatu, kwa kuwa wakati huo kila mtoto ana umbo lake. Kipimo kinachoaminika ni cha mapema. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24.

Basi ikawa hivi. Alikwenda tarehe 5 Machi. Akaambiwa njia haijafunguka, arudi nyumbani. Akaenda tarehe 10. Tarehe 16 aliyempokea alitazama kadi, akapita tarehe ya kwanza, akapita ya pili, akaweka kidole kwenye ya tatu: "Mbona bado wiki mbili?" Tarehe 19 ikawa hivyo hivyo. Kila aliyempokea alichagua ile tarehe iliyomruhusu kumrudisha. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa 25,000 kila safari, na mwenzi wake yuko Kilombero anakata miwa.

Watu huongea kana kwamba kungoja ni kukaa bure. Nimemsikiliza mpwa wangu akinisimulia, na sijasikia kazi ngumu kama hiyo. Alilala kwa ubavu mmoja akihesabu mtoto anavyocheza. Kila asubuhi jirani alipita uani na swali lile lile: "Bado tu?" Begi la vitu vya kujifungulia, lenye mpira wa kutandika, pamba, glavu, wembe na vitenge viwili, lilifunguliwa na kufungwa mpaka zipu ikaharibika. Siku ya kumi bibi mmoja wa heshima alikuja kumuuliza kwa upole kama kuna ugomvi wowote moyoni, au jambo la nje ya ndoa ambalo hajalitamka, maana mimba ikipitiliza huenda imefungwa na neno. Siku ya kumi na mbili ililetwa mizizi ya kuchemsha ili kuita uchungu. Hakuinywa. Dawa za namna hiyo zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyopimika na kuwadhuru mama na mtoto, na alikwisha kuonywa hivyo kliniki. Sifa hiyo naitoa bila kinyongo.

Lakini niwaulize mnaocheka imani za wazee: kati ya bibi yule na mtaalamu aliyesema "rudi nyumbani", ni nani aliyekuja na maelezo? Bibi alikuwa na sababu, alikuwa na tiba, tena alikuja kwa miguu yake. Sababu yake haikuwa kweli. Upande wa pili haukutoa sababu yoyote.

Usiku wa tarehe 21 mtoto aliacha kucheza. Mvua ilikuwa inanyesha. Walipiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, na gari lilikuja; natamka hilo hadharani kwa sababu mfumo huo, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ni miongoni mwa mambo ya maana tuliyoyafanya. Chupa ilipopasuka maji yalikuwa ya kijani: mtoto alikuwa amejisaidia tumboni. Alizaliwa alfajiri, ngozi inabambuka, kucha zimevuka ncha za vidole, kimya. Mkunga alimpulizia hewa kwa mfuko na barakoa mpaka akalia. Kwa mujibu wa tarehe ya tatu, mtoto huyu mwenye kila alama ya kukaa tumboni kupita wakati alizaliwa wiki moja kabla ya siku yake.

Nilipata simu nikiwa Morogoro, nikaondoka kulipopambazuka. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na njiani pana bango linalotaja faini atakayotozwa dereva kwa kila mnyama atakayemgonga, mnyama kwa mnyama, kwa dola. Sina neno na bango; nawapenda twiga. Niliwaza tu kwamba dola yetu inajua kuhesabu inapoamua kwamba kitu kina thamani.

Sasa tuje kwenye takwimu, maana najua baadhi yenu ofisini mtaniletea takwimu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanawake wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Februari 2025 Rais alipokea tuzo ya Taasisi ya Gates kwa mafanikio hayo. Tusibishane juu ya hilo. Tuutazame mstari wa chini yake, usiosomwa majukwaani: vifo vya watoto wachanga ndani ya siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa kwanza, na 24 katika wa pili. Mama ameokolewa, na mtoto amebaki palepale. Na katika hiyo 24, mtoto aliyefia tumboni akingojewa hayumo, kwa kuwa hesabu huanza kwa aliyezaliwa hai. Subira angekuwa amekufa saa mbili kabla ya gari kufika, asingeiharibu takwimu yoyote katika hizo nilizozitaja.

Hatari ya kungoja kupita kiasi haijabishaniwa. Kondo la nyuma huchoka, maji ya mtoto hupungua, na uwezekano wa mtoto kufia tumboni huongezeka wiki baada ya wiki. Nchini Sweden, penye mashine na barabara, watafiti walilinganisha kuanzisha uchungu katika wiki ya 41 na kungoja hadi ya 42. Mwaka 2018 walilazimika kuusimamisha utafiti kabla ya wakati, kwa kuwa watoto sita walikuwa wamekufa katika kundi lililongoja na hakuna hata mmoja katika kundi jingine. Shirika la Afya Duniani nalo tangu 2011 linapendekeza uchungu uanzishwe kwa mwanamke aliyefikisha wiki 41 kwa hakika. Yasomeni tena maneno mawili ya mwisho. Pendekezo zima linaning'inia hapo, na mwanamke mwenye tarehe tatu hana hakika ya kuning'inizia kitu.

Nitajibiwa kwamba wanawake wenyewe huchelewa kuanza kliniki. Wanachelewa kweli: utafiti wa 2015/16 ulikuta ni asilimia 24 tu walioanza katika miezi mitatu ya kwanza. Mpwa wangu alianza mwezi wa tano. Alikwenda mwezi wa tatu pia, akaambiwa arudi na mwenzi wake. Mwenzi yuko kwenye miwa. Kwa hiyo akarudi nyumbani, akangoja likizo ya mtu mwingine ili mimba yake itambuliwe. Anayehesabiwa kuwa amechelewa ni yeye.

Nitajibiwa pia, na wenzangu wa chuoni hasa, kwamba nataka kuugeuza uzazi kuwa kiwanda, kila mwanamke atundikiwe dripu. Hoja hii ina uzito. Kuanzisha uchungu mahali pasipo na mtu wa kumwangalia mama usiku kucha ni hatari kuliko kungoja, na mimba nyingi zinazopita siku ya 280 hazina tatizo lolote. Mtoto hujitokea kwa wakati wake. Sipingi kungoja. Napinga kungoja kusiko na siku, kusiko na mahali, na kusiko na mtu mwenye jukumu. Daktari akimwambia mgonjwa wa mjini "tusubiri", humpa siku ya kurudi, kipimo cha kufanya katikati, na namba ya simu. Hiyo ni tiba. Mpwa wangu alipewa neno lile lile bila vitu hivyo vitatu.

Kuhusu fedha, nitasema machache. Tumejenga. Tangu mpango wa 2007 uliotaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, hadi vituo vilivyojengwa kwa tozo ya miamala ya simu ya 2021, ambayo niliilipa nikinung'unika, kuta tunazo. Mashine ya utrasaundi ya kubebwa mkononi na mkunga aliyefundishwa kuitumia kupima umri wa mimba mapema ni gharama ndogo kando ya ukuta. Na lipo jambo la bei nafuu zaidi ambalo nchi hii inalijua kwa jina lake: nyumba ya mama ngojea. Mjamzito anayeishi mbali anakaa jirani na hospitali wiki zake za mwisho, na mkunga anamwona kila siku. Zipo mahali kadhaa nchini. Zikishindwa, mara nyingi hushindwa kwa jambo dogo la jikoni: hakuna bajeti ya chakula, hakuna kuni, na mwanamke mwenye watoto wawili nyumbani hawezi kwenda kukaa na njaa ugenini.

Kwa hiyo naandika kwa ninyi mlio katika ofisi za mipango za halmashauri, ambao najua mnanisoma kwa siri saa za kazi. Katika bajeti ya wilaya yenye barabara kama ile, unga na maharage ya mama ngojea yako kwenye kifungu gani? Na nani amepewa jukumu la kumtafuta mjamzito aliyefikisha wiki 41 akiwa kijijini, kabla hajawa dharura ya 115?

Kadi ya mpwa wangu nimeiomba, nimeipiga nakala, nimelifuta jina lake. Jumatatu naipeleka kwa diwani. Dada yangu amesema niache kumsumbua mheshimiwa kipindi hiki cha mvua, ningoje barabara ikauke.